Besi ni haki ya msikilizaji, sauti nyoofu ni deni la fundi

Katika kartye za Luano, karibu na uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kaske za masikioni zimekuwa kitu cha kila siku. Kijana anazivaa akingojea wateja wa pikipiki. Mwanafunzi anazivaa akirudia masomo. Mama aliyekimbia vita na watoto wake anasikiliza habari usiku katika kaske, ili asiwaamshe wenye nyumba waliomupokea. Nyingi ya kaske hizo ni za bei ndogo. Lakini mabishano ya watu wenye kaske za feza mingi yamefika hata hapa, kwa njia ya telefone. Wao wanasema kuna sauti moja tu ya kweli, isiyoongezwa wala kupunguzwa, na kwamba mtu anayependa besi nzito hajui kusikiliza.

Neno hilo lina ukweli nusu. Nusu ingine inawavunjia watu heshima bure.

Sauti inayosifiwa hivyo tuseme ni sauti nyoofu: kaske inatoa kile kilichorekodiwa, haipandishi besi, haikazi sauti nyembamba. Ni kwa ajili ya unyoofu huo kaske kama Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, imesifiwa miaka mingi na watu wa studio. Kuna zingine, kama HD 800 ya mwaka 2009, ambazo bei yao ilipita dola 1,000. Kwa familia nyingi za Luano hiyo ni feza ya kodi ya nyumba ya miezi mingi.

Shida ni hii: hata wataalamu hawakuafikiana upesi juu ya maana ya unyoofu. Bafle ikiwa chumbani, sauti yake inagonga ukuta, inapita kichwani na katika umbo la sikio kabla ya kuingia ndani. Kaske inaruka sehemu kubwa ya njia hiyo. Kwa hiyo kaske ambayo chombo cha kupimia kinaonyesha imenyooka kama rula, sikioni inasikika vibaya. Mwaka 1986 Mjerumani Günther Theile alipendekeza kipimo kinachofuata sauti inayomfikia mtu kutoka pande zote za chumba. Mwaka 2013 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, huko Marekani, wakachukua njia ingine: waliwasikilizisha watu sauti mbalimbali za kaske na kuwauliza ni ipi wanaiona nzuri zaidi. Wengi walipenda ile inayokaribia sauti ya bafle nzuri katika chumba cha kawaida, yenye besi iliyopanda kidogo. Lakini katika kiasi cha besi hawakuwa sawa. Umri ulileta tofauti, na mazoezi ya kusikiliza vilevile.

Maana yake, kipimo kinachoitwa leo cha unyoofu kimejengwa, kwa sehemu, juu ya mapendezi ya watu. Basi kijana wa Luano anayepandisha besi hawezi kuambiwa amekimbia ukweli. Muziki anaoupenda ulifanywa uchezwe katika bafle kubwa, barani, kwenye ndoa na kanisani, pahali ambapo besi inasikika kifuani kabla ya sikioni. Akiivaa kaske nyoofu kabisa, anakosa kifua. Akiongeza besi, anarudisha kile alichozoea kukisikia na wenzake.

Hata kanda yenyewe si shahidi mkamilifu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Santuri zake zilisafiri mbali, na gitaa la Katanga likajulikana. Lakini mikro ya wakati ule ilishika ilichoweza kushika. Kaske ya dola 1,000 itaonyesha vizuri sana mikwaruzo ya santuri ya zamani. Haitarudisha mwangwi wa gitaa ambao mikro haikuushika. Mzee anayemsikiliza Bosco katika radio ndogo na kukumbuka ujana wake hajapungukiwa na kitu ambacho mwenye kaske ghali anaweza kumcheka.

Lakini kuna mapendezi ambayo si mapendezi kweli, ni makelele. Ndege ikiruka, ao lori zikipita, mngurumo wao unafunika besi. Mtu anapandisha besi, kisha anapandisha sauti yote, akifikiri ni furaha yake. Shirika la Afya Duniani linasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 80 kwa saa 40 katika juma moja. Zikifika 90, saa zinashuka hadi 4. Mtu huyo angesaidiwa zaidi na kaske inayoziba sikio vizuri kuliko na besi. Na kama yuko barabarani, avue, aisikie gari inayokuja.

Basi haki ya mapendezi ni ya nani? Ni ya anayesikiliza. Haiwezi kuwa ya anayetengeneza sauti kwa ajili ya wengine. Hapa ndipo wenye kutetea unyoofu wanasema kweli, na ndipo jambo hili linagusa familia zilizokimbia vita kuliko wapenzi wa muziki.

Tuchukue komunike ya kutafuta ndugu. Mtu anasema katika mikro kwamba mtoto fulani amefika Kasenga. Katika neno «amefika», herufi f na k zinabeba habari yote. Zikififia, msikilizaji anaweza kusikia «amepita», na mtoto aliyefika anageuka kuwa mtoto aliyepita kwenda kusikojulikana. Sauti za herufi kama s, f, t na k zina nguvu nyingi juu ya hertz 2,000, mbali na besi. Radio ndogo ya batri, hata ikikosa besi yote, bado inaweza kuzifikisha, kama studio haikuziharibu kwanza.

Studio inaziharibu namna gani? Fundi akivaa kaske inayokaza sauti nyembamba, anasikia f na s zinachoma sikio, naye anazipunguza. Kwake mambo yamekuwa mazuri. Lakini ukali ule ulikuwa ndani ya kaske yake, haukuwa katika kanda. Komunike inatoka hewani ikiwa imefifia, na mama mwenye radio ndogo anabaki anamuuliza jirani: wamesema amefika, ao amepita? Fundi hakukosa bidii. Alirekebisha kosa ambalo halikuwako, kwa sababu aliamini kaske inayopendeza masikio yake.

Watu watajibu kwamba radio za mtaani hazina feza ya kaske za namna hiyo. Ni kweli, wala hazihitaji iliyo ghali kuliko zote. Bei kubwa haihakikishi unyoofu. Kuna kaske za feza mingi zilizotengenezwa makusudi ili zipendeze kwa besi. Fundi anahitaji kaske moja ambayo tabia yake anaijua, na zoezi moja lisilolipiwa: kabla komunike haijatoka, aisikilize katika radio ndogo na katika telefone ya kawaida, kisha amwite mtu ambaye hakuisoma karatasi amwambie majina aliyoyasikia. Jina likikosewa, lirudiwe polepole. Radio ile ndogo haina unyoofu wowote, lakini ndiyo sikio la wasikilizaji, na fundi hawezi kulikwepa.

Mnunuzi naye, akienda sokoni Kenya kutafuta kaske, asijaribu kwa wimbo peke yake, kwa kuwa besi inaficha mengi. Asikilize pia mtu anayesema, hasa sauti anayoijua, kama ya ndugu aliyemtumia ujumbe wa sauti. Akiisikia kama anavyoijua, kaske hiyo itamfaa kwa habari. Kisha, akifika nyumbani na kuweka muziki wake, apandishe besi kadiri anavyopenda. Hapo hana deni la mtu. Mwenye deni ni yule anayeshika majina ya ndugu za watu mikononi mwake.