Daftari la Ukoo Liko Nyumbani kwa Nani?

Karibu kila ukoo wa Waswahili hapa Sharqiyah na Dakhiliyah una daftari lake: nani mtoto wa nani, nani yuko Sur, nani amebaki Unguja, nani Mombasa, na nani ametoa mchango wa msiba. Zamani liliandikwa kwa mkono na kufungiwa ndani ya sanduku la mzee. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka Zanzibar bila karatasi yoyote, na majina yakabaki vichwani mwa bibi zetu. Siku hizi daftari limo ndani ya simu. Basi naomba tuulizane mwezi huu: liko nyumbani kwa nani hasa?

Sisi, ukoo wetu wa Ibra, tulikuwa na majina 400 na zaidi, pamoja na hesabu za michango, ndani ya aplikesheni moja ya bure. Mwaka jana wenyewe wakatangaza kuwa bure imekwisha. Anayetaka kuendelea alipe kwa kila jina lililomo. Asiyetaka ana siku 30. Kuyatoa majina kuliruhusiwa, lakini kwa picha za kurasa tu, si kwa orodha inayoweza kusomwa na programu nyingine. Mtoto wa dada yangu, ambaye kazi yake ni kompyuta huko Nizwa, alikaa na binamu zake wawili wakayaandika upya, jina kwa jina. Ami yangu ndiye aliyeumia zaidi. "Nyumba ya Ng'ambo niliiacha na vyombo vyake," alisema. "Sasa na majina pia niyaache?"

Safari hii vijana wametumia kanzidata huria. Kanzidata ni daftari la kompyuta linalojua kutafuta, kupanga na kuunganisha habari. Huria maana yake si bure tu. Maana yake ni kwamba maandishi yanayoiendesha programu yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyanakili na kuyaendeleza.

Faida yake inaonekana katika historia ya MySQL. Michael Widenius wa Finland na wenzake waliitoa mwaka 1995, na My ni jina la binti yake. Mwaka 2008 kampuni yao ilinunuliwa na Sun kwa dola bilioni 1. Mwaka 2009 Oracle ikatangaza kuwa itainunua Sun yenyewe, na mwaka uliofuata ikamaliza. Ingekuwa programu iliyofungwa, watumiaji wangekaa kusubiri bwana mpya ataamua nini. Lakini maandishi yalikuwa wazi, hivyo Widenius aliyachukua akaanzisha tawi jingine, akaliita MariaDB, kwa jina la binti yake mdogo, Maria. Aliyetaka kuhama alihama na daftari lake. Vijana wetu wao wamechagua PostgreSQL, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Haina kampuni moja inayoimiliki.

Wapo wanaosema cha bure hakibebi mzigo. Huko kwetu pwani na bara kimebeba mzigo mkubwa kuliko wa ukoo wowote. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, juu ya MySQL. DHIS2, inayokusanya takwimu za afya, Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, nayo huhifadhi habari zake ndani ya PostgreSQL.

Sasa tuje kwenye wingu. Wingu si kitu cha mbinguni. Ni kompyuta za watu wengine, unazozikodi kwa mwezi. Amazon ilifungua vituo vyake Bahrain mwaka 2019 na Imarati mwaka 2022, kwa hiyo daftari la mtu wa Ibra linaweza kukaa jirani. Kwa ukoo mmoja, seva ndogo hugharimu riyali chache tu kwa mwezi.

Wakaazi wa Nizwa wataelewa upesi nikitaja falaj. Falaj Daris, iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, haigawi maji kwa ndoo. Inagawa kwa muda. Fungu moja, athar, ni kama nusu saa. Wakili wa falaj husimamia zamu, matengenezo na hesabu, lakini maji si yake. Akibadilishwa wakili, mafungu ya watu yanabaki vilevile. Kampuni ya wingu nayo iwe wakili. Mlipeni kazi yake, lakini maji yabaki yenu.

Ukoo nao hukua. Ukitokea msiba, watu 300 hufungua daftari saa hiyohiyo, kutoka Sur hadi London, kuangalia maziko ni wapi na mchango umefika kiasi gani. Kanzidata nzuri haihitaji kujengwa upya kwa hilo. Huwekewa fahirisi, ili isipekue kila ukurasa kutafuta jina moja. Mzigo ukizidi, hukodiwa seva kubwa zaidi, au huwekwa nakala za kusomwa pembeni, huku maandishi mapya yakipitia daftari kuu moja. Msiba ukipita, mnaacha kulipia kilichozidi.

Kabla Idi haijafika, mwiteni kijana anayewashikia daftari, mumwulize manne. Je, twaweza kulitoa lote leo, kwa namna ambayo programu nyingine italisoma? Nakala rudufu iko wapi, na mara ya mwisho kujaribiwa kuifungua ilikuwa lini? Neno la siri analijua nani mwingine, wewe ukisafiri au ukiumwa? Na nani anaweza kuona nambari za simu na siku za kuzaliwa za watoto wetu? Akijibu yote bila kubabaika, mshukuruni na mumchangie gharama. Akisita, msimgombeze. Kaeni naye jioni moja mlitengeneze pamoja, na nakala moja ipelekeni kwa jamaa wa mji mwingine. Yetu ya pili iko Sur, kwa shangazi, ndani ya kabati la vikombe.