Breki Inayoshtuka Mapema
Juzi, nikikaribia kusimama kwenye taa za Mwenge kwa mwendo wa kinyonga, pedali ya breki ilitetemeka chini ya mguu na gari likajisogeza mbele. Lami ilikuwa kavu. Fundi wa kwanza alitaka kuchomoa fyuzi ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kugoma unapokanyaga breki, yaishe. Wa pili, mzee mtulivu, alifungua gurudumu akanionyesha kutu iliyoinua sensa ya mzunguko ikawa mbali na pete yake ya meno: ishara hufifia, kompyuta hudhani tairi limegoma kuzunguka, inaachia breki. Mlinzi asiyesikia vizuri huzibuliwa masikio, hafukuzwi. Kuchomoa fyuzi ile ni kumwibia dereva usalama wake wa siku ya mvua. Tulikwangua kutu, sensa ikakaa mahali pake, na jioni nilisimama palepale Mwenge, pedali imetulia.