Hadithi za Shamba Zisidharauliwe

Siku moja mwanafunzi wa hapa Kitete alinirudishia kitabu nilichomwazima. Nilipomwuliza kama amekipenda, alitazama chini, akasema: "Mwalimu, humu hamna mambo. Watu wanalima, wanapika pombe, wanakwenda kwa wakwe. Hayo yote bibi yangu anayafanya kijijini. Naomba kitabu cha mambo ya mjini." Sikumkemea, maana alisema yaliyokuwa moyoni mwake. Lakini wengi wenu mwawaza kama yeye, na leo nataka kuwajibu.

Kitabu chenyewe chaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni hadithi ya kisiwa cha Ukerewe, zamani kabla ya Wazungu kuja. Mwandishi wake, Aniceti Kitereza, alizaliwa mwaka 1896, akasomeshwa na wamisionari. Alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kuichapa. Baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Je, mzee huyu angaliishikilia kazi yake muda wote huo kama ingalikuwa haina mambo?

Hebu tuyatazame mambo yenyewe. Myombekere na mkewe wapendana, lakini hawana mtoto. Jamaa za mume wamsimanga mke kwa maneno makali, hata wazazi wake wakaja kumchukua. Mume abaki peke yake katika nyumba iliyopoa. Kisha awaendea wakwe kwa unyenyekevu, naye atozwa pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mke. Ndipo tuonapo jinsi ndizi zinavyoivishwa na kukamuliwa, na jinsi jamaa na majirani wanavyofaana katika kazi. Basi pombe ile si pombe tu. Ni neno la mtu anayesema, "Nisameheni, mnirudishie mwenzangu." Msomaji aliyeruka kurasa hizo kwa kuwa anajua pombe ni nini hakuona kilichomo ndani ya chungu.

Wengine husema hadithi hizi huenda polepole. Ni kweli. Hata mtama hauoti kwa kuharakishwa. Anayesoma polepole huzoea kutazama vizuri, na aliyezoea kutazama vitabuni hutazama na nyumbani kwao.

Wala msidhani kitabu chema cha shamba husifu kila jambo la zamani. Kitereza hakuficha ukali wa waliomsimanga mwanamke asiye na mtoto. Alikuwa Mkristo, lakini aliandika habari za wazee wake bila kuwacheka, na bila kuwafanya malaika. Huo ndio uandishi wa haki.

Sasa tuifikirie nchi yetu ya Unyamwezi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mizigo ya pwani na bara ilipita hapa vichwani na mabegani mwa watu. Burton alifika mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, nao waliandika vitabu vikubwa juu ya safari zao. Mtaona humo mizigo, hongo, homa na ugomvi wa njiani. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa na nyumba. Alikuwa mkulima, na mara nyingi alitamani kurudi kabla ya mvua za kupanda. Nani alilima shamba alipochelewa? Mtoto wake aliambiwa nini usiku? Mgeni mpita njia aliijua njia. Mambo ya nyumbani huyajua mwenye nyumba. Kama sisi wenyewe twaona haya kuyasoma na kuyaandika, basi yatazikwa pamoja na wazee wetu, na wajukuu watajua habari za mizigo tu, wasijue habari za wachukuzi.

Sikukatai kusoma habari za miji wala za nchi za mbali. Soma, maana akili hupanuka. Ninalokataa ni ile aibu inayomfanya mtoto aone kwamba jambo lililo kwao halistahili kuandikwa kitabuni. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa.

Mwanafunzi yule nilimpa kitabu cha mjini alichokitaka. Lakini likizo ilipokaribia nilimwomba achukue tena na kile cha kwanza, amsomee bibi yake habari ya pombe ya ndizi. Aliporudi alinieleza kwamba bibi alicheka sana, akasema, "Hao wana ndizi; sisi tuna mtama." Kisha akaanza kusimulia jinsi walivyopika zamani kwa ajili ya walioalikwa kulima, na jinsi babu alivyobandua gome la mti kutengeneza mzinga wa nyuki, hata moto ukazimika. "Mwalimu," akaniambia, "sikujua kwamba bibi anajua mengi hivyo."

Basi, nanyi mtakapokwenda nyumbani, chukueni kitabu kimoja cha shamba. Kisomeni kwa sauti mbele ya mzee, kisha nyamazeni mumsikilize. Na atakayoyasema, yaandikeni.