MABOSI, MNASUBIRI MSIBA NDIO MTOE SIKU 4?

Staa wa kike akiposti picha jicho limevimba, mtandao mzima unasimama. Komenti zinamiminika, na makampuni nayo hayabaki nyuma, yanarusha bango zuri: "Tuko pamoja nawe." Wiki haiishi, stori imepoa.

Sasa ingia ndani ya kampuni hizo hizo. Yupo dada wa kaunta, mwezi huu kachelewa mara tatu. Juzi kavaa miwani ya jua hadi ndani, jana kajifunga mtandio shingoni na joto lote hili la Dar. Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Kinachomfikia ni barua ya onyo.

Mabosi wengi wana jibu moja: "Hayo ni mambo ya nyumbani." Si kweli. Akihama nyumba, mume anaweza asijue kahamia wapi. Ila kazini anapajua, saa anayotoka anaijua, na hata mlango anaotokea anaujua.

Halafu piga hesabu ya siku. Polisi kuchukua PF3, hospitali, dawati la jinsia, mahakamani, kutafuta chumba. Hayo yote hayaishi kwenye muda wa lunchi. Sheria ya Ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, na angalau siku 4 zenye malipo ukifiwa na mwenza, mzazi au ndugu. Anayekimbia kipigo hakuwekewa likizo yake. Yaani dada akiuawa, kaka yake ana siku 4 za kumzika. Akiwa hai na anataka kujiokoa, aombe ruhusa kwa bosi na ajieleze.

Wenzetu walishaamka. Ufilipino ilipitisha sheria mwaka 2004, mwanamke anayefanyiwa ukatili anapata hadi siku 10 zenye malipo. New Zealand wakaanza 2019, Australia 2023, nao siku 10.

Bosi wa hapa hana haja ya kusubiri Bunge. Siku chache za ruhusa yenye malipo anaweza kutoa mwenyewe. Kubadilisha shifti au kumhamishia tawi lingine ni barua moja tu. Kama kadi ya benki anashika mume, mshahara uingie kwenye akaunti mpya. Kama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, mkopo wa mshahara unaokoa maisha kuliko keki ya Siku ya Wanawake. Na mapokezi wafundishwe: mtu akipiga simu, hakuna cha "Shemeji, ametoka saa kumi." Jibu hilo linaweza kuua.

Kuna mambo mawili ya kuacha kabisa. HR asiigeuze siri hiyo kuwa stori ya grupu la WhatsApp. Na bosi asimwite mume ofisini "wayamalize". Dada atarudi naye nyumbani usiku huo huo, na kesi imeshajulikana.

Kabla mtu hajauliza "na wanaume je?", nao wamo. Wanapigwa, na kwa aibu wananyamaza zaidi.

Bango la "Tuko pamoja" halina kazi kama dada wa kaunta anaogopa kugonga mlango wa HR. Ofisini kwenu, huyo dada angeanzia kwa nani? Komenti ziko wazi.