Urahisi Ulio Ghali

Wako watu wasemao kuwa kisiwa cha Unguja kimeharibiwa na bidhaa za kigeni, na kwamba zamani wenyeji wake walijitosheleza kwa vya kwao. Maneno haya husemwa kwa huzuni nyingi na ujuzi mchache. Ardhi ya Unguja Ukuu, ilipochimbwa na wataalamu wa mambo ya kale, ilitoa vigae vya vyombo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na Uchina zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nyumba kubwa za mwambao zilikuwa na zidaka ukutani, na katika zidaka hizo mwenye nyumba alipanga sahani za kauri ambazo hakuna mfinyanzi wa pwani aliyezifanya. Atakaye kuwalaumu Waunguja wa leo kwa kupenda vitu vya ng'ambo hana budi awafufue kwanza mababu zao, awalaumu na wao. Lawama iliyo ya haki ni nyingine, nayo ni nzito zaidi: mababu hao walijua kukataa.

Mwaka 1833 Seyyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na ushuru wa bidhaa ziingiazo ukawekwa kuwa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa taifa lake. Merikebu za Salem zilileta nguo ya pamba isiyopaushwa, ambayo hata leo jina lake ni merikani, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile haikushinda kwa kuwa rahisi tu. Ilishinda kwa sababu ilikuwa nzito, ilistahimili kufuliwa, na ilimfikisha msafiri wa bara alikokwenda bila ya kumwacha uchi njiani. Wafanyabiashara wa Kiingereza walijaribu kuiiga, lakini wanunuzi waliitambua ile ya asili kwa vidole vyao, wakaishikilia. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilivyoivunja biashara hiyo, ndipo nguo za Uingereza na za Bombay zikapata nafasi. Mnunuzi asiyejua kusoma wala kuandika alikuwa na mizani yake, na mizani hiyo iliheshimiwa katika viwanda ambavyo yeye asingeviona maisha yake yote.

Habari ya kanga ina mafunzo zaidi. Kanga haikufumwa Unguja. Ilipigwa chapa Manchester, Uholanzi na Uswisi, na baadaye India na Japani. Lakini mwenye amri juu yake alikuwa mwanamke wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo. Yeye ndiye aliyeamua rangi ipi yafaa na ipi haifai, pindo liweje na mji uweje. Shehena iliyofika na michoro isiyompendeza ilikaa dukani ikala vumbi, na hasara ikamrudia tajiri wa Ulaya aliyedhani kuwa Mwafrika hununua chochote atupiwacho. Wachoraji wa viwanda vya mbali walilazimika kungoja habari kutoka vichochoro vya Unguja kabla ya kutia wino kwenye nguo.

Na kazi ya nguo hiyo ilikuwa kubwa kuliko kusitiri mwili. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1897, mwanamke aliyekuwa amezoea kuvishwa merikani na kaniki, mavazi ya watumwa, alijinunulia kanga ya rangi, akatoka nayo barabarani. Hapana hotuba iliyosema kwa uwazi kuliko hiyo. Asiyeona utukufu katika kitendo kile, kwa sababu tu nguo ilitoka kiwanda cha Mzungu, ameisoma historia ya kisiwa hiki kwa jicho moja. Kununua kwaweza kuwa uhuru. Basi swali la kuulizwa ni hili: ni lini kununua kulikokuwa uhuru kuligeuka kuwa kupokea?

Na atazamwe mnunuzi wa leo. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, na maduka yamelizunguka pande zote, mpaka Mchangani na Mlandege. Huko kuna ndoo na mabeseni, birika za umeme, saa za ukutani, tochi, ndara, sufuria nyepesi kama karatasi, maua ya plastiki yasiyo harufu. Mnunuzi huingia na swali moja kinywani: bei gani? Lile swali la pili, lililowatia hofu matajiri wa Salem na Manchester, yaani kitu hiki kitadumu muda gani, limekufa. Hata akiliuliza, muuzaji hucheka, na mnunuzi naye hucheka, na katika kicheko hicho wawili hao wamekwisha kukubaliana kwamba kitu hakitadumu. Biashara hufanyika juu ya makubaliano hayo.

Atatokea mtetezi wa urahisi aseme: maskini afanye nini? Bidhaa rahisi ni rehema kwake. Bila ya hiyo angekwenda peku. Hoja hii ndiyo ngome ya upande ule, na haifai kupitwa mbio. Ichukuliwe mfano wa viatu. Ndara za shilingi 5,000 hukatika baada ya miezi mitatu. Makubadhi ya ngozi, yaliyoshonwa na fundi, tuseme ni shilingi 20,000, nayo yakikatika ukanda hurudi kwa fundi yakashonwa tena, yakaenda miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu mwenye ndara amenunua jozi kumi na mbili, ametoa shilingi 60,000, na amebakiwa na takataka kumi na mbili. Mwenye makubadhi ametoa shilingi 20,000 na vijisenti vya ukarabati, na fedha yake imebaki mkononi mwa jirani. Maskini ndiye alipaye zaidi. Rehema gani hii imtozayo mhitaji mara tatu ya amtozavyo mwenye nacho?

Mtetezi atajibu kwamba maskini hana shilingi 20,000 kwa siku moja. Kweli. Lakini upatu umo katika kila mtaa wa Unguja, na wanawake wanaujua kuliko wahasibu. Upatu huo huo hutoa, kwa mkupuo, fedha ya sare ya harusi itakayovaliwa usiku mmoja na kufungiwa kabatini. Fedha ya kitu kizuri haikosekani siku zote. Mara nyingi imekwisha kwenda kwingine.

Wako pia wazee wanaotetea wingi wa bidhaa kwa kumbukumbu ya njaa, na hao wastahili kujibiwa kwa adabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bidhaa za nje zilibanwa, na watu wa mjini walipanga foleni za mchele, sukari na nguo. Milango ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, zama za Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar tangu 1984 na wa Jamhuri ya Muungano tangu 1985, watu walifurahi, na walikuwa na haki. Foleni haikumfundisha mtu kushona kiatu. Ilimfundisha kutamani kiatu chochote. Kwa hiyo hapana ahitajiye kufunga bandari ya Malindi. Lakini kiu ya miaka kumi si udhuru wa kunywa kwa miaka arubaini bila ya kutazama kilichomo kikombeni.

Aliyeumizwa kwanza ni fundi. Zamani kitu kilichoharibika hakikuwa kimekufa. Fundi wa saa, fundi wa cherehani, fundi wa redio, mtia bati wa sufuria, wote walikula kwa kuwa vitu vilifunguka. Birika ya umeme ya siku hizi imegandishwa kwa gundi. Haina parafujo wala mlango. Fundi akiivunja ili aione ndani, ameimaliza. Basi huambiwa mwenye birika: nunua nyingine. Ujuzi ambao baba alimrithisha mtoto unakosa kitu cha kufanyia kazi, na kijana aliyekuwa awe mwanagenzi leo hutembeza tochi za plastiki mitaani, akawa mchuuzi wa kile kilichomuua fundi.

Aliyeumizwa pili ni mshonaji wa kofia. Kofia ya kiua hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, kazi ya wiki nyingi ya mwanamke aliyekaa barazani au uani kwake. Sasa zimekuja kofia zilizodariziwa kwa mashine huko Asia, na kwa mbali hazitofautiani. Mwanamume hununua mpya kila Sikukuu, akaenda nayo msikitini akiamini kuwa amevaa vazi la mababu. Kwa hakika amevaa picha yake. Sindano ikiisha kuwekwa chini na bibi, mjukuu haichukui.

Na watoto je? Siku nne za Idd viwanja vya Mnazi Mmoja hujaa bastola za plastiki, miwani isiyoonyesha kitu na vigari vya rangi. Siku ya nne ikitua, vingi vya vitu hivyo vimekwisha vunjika. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Leo hujaza jaa la Kibele. Humo huingia pia mafriji na televisheni zilizokwisha kutumiwa kwingine, zikaletwa kwa makontena kuja kumalizia umri wao kisiwani. Watu wa Ghuba na Ulaya wamepata mahali pa kutupia pasipowatoza ada, na Unguja hulipa nauli ya takataka hizo kwa fedha taslimu.

Ni desturi hapa kumtaja Mchina. Kumtaja ni rahisi, tena hakumkasirishi jirani yeyote. Lakini kiwanda cha Uchina hufanya bidhaa za daraja nyingi, kwa kadiri ya alivyoagiza mteja. Aliyekwenda huko akachagua daraja la chini kabisa, akapunguza uzito wa sufuria na urefu wa waya ili faida imnone, si Mchina. Ni mtu wa hapa hapa, ajulikanaye kwa jina, akaaye safu ya mbele misikitini na harusini. Yeye ndiye aliyekirithi kiti cha wale waliopeleka habari za vichochoro Manchester, lakini habari anayoipeleka ni moja: hawa hawakatai. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina haki ya kuzuia mzigo bandarini. Hata hivyo hapana taasisi iwezayo kusimama kila mahali pa kukatalia alipopaacha mnunuzi mwenyewe. Nayo hazina ya Serikali hula ushuru wa kila kontena, liwe la vitu vizuri au vibovu, kwa hiyo mlinzi ana sababu ya kupenda mlango uwe wazi.

Jambo la mwani linaonyesha mzunguko mzima. Kilimo chake kilianza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki, upande wa Paje, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani hufungwa kwa vikamba vya plastiki viitwavyo taitai, juu ya kamba za nailoni, na vyote viwili hutoka nje. Hayo hufanyika katika vijiji vile vile vya Paje, Bwejuu na Jambiani ambako wanawake huzika makumbi pwani kwa miezi, wakayafukua, wakayaponda, wakasokota kamba za usumba. Mwani ukikauka huuzwa kwa kilo, kwa bei ndogo, ukaenda nchi za mbali. Huko hutolewa ute wa kugandisha utiwao katika dawa ya meno, mafuta ya kujipaka na vyakula. Mama aliyesimama majini mpaka kiunoni hurudi dukani akanunua dawa ya meno ambayo ndani yake pengine mna jasho lake. Vikundi vya wanawake huko Kidoti na Paje vimejifunza kufanya sabuni ya mwani, nayo ni sabuni nzuri. Wanunuzi wake aghalabu ni watalii. Mwenyeji huipita, akatafuta ile yenye karatasi inayong'aa.

Isisemwe kuwa kukataa hakuwezekani tena. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka 13 kabla ya Tanzania Bara kufanya hivyo mwaka 2019. Wachuuzi walinung'unika, na mifuko ikajaribu kurudi kwa njia za panya, lakini watu waliushika mkoba na ukili kama hawakuwahi kuuacha. Tofauti ni kwamba mfuko ulipewa jina la adui. Sufuria nyepesi, kofia ya mashine na birika iliyogandishwa bado zinaitwa nafuu.

Wasomi nao wasijitoe katika hesabu hii, kwa kuwa aghalabu ndio waandikao juu ya uchumi tegemezi kwa kalamu zisizotiwa wino mara ya pili. Siku ya mahafali, nje ya lango, huuzwa mashada ya plastiki na karatasi za kumeremeta, na mhitimu huvikwa matatu, manne, mpaka shingo isionekane. Kesho yake yamo pipani. Hayo hufanyika Unguja, kisiwa cha asumini, kilua na mlangilangi, ambako wako bado wanawake wajuao kufunga kikuba kwa dakika chache, na ambao asubuhi ya mahafali hawaagizwi hata kimoja.