Kulizunguka Bwawa kwa Baiskeli

Wazee wetu husema mali bila daftari huisha bila habari. Nami naona msemo huo wafaa kusemwa juu ya maji ya mji kama unavyosemwa juu ya duka. Maji ya Mombasa mengi hutoka mbali. Bomba la chemchemi za Mzima pekee, lililomalizika mwaka 1957, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200 toka Tsavo mpaka pwani. Wangapi kati yetu wamepata kuiona chemchemi yenyewe? Kwetu maji ni mfereji, na mfereji ukikauka ni mtungi wa mwenye mkokoteni. Kitu usichokiona ni shida kukilinda, na ni shida zaidi kuwauliza hesabu yake waliokabidhiwa.

Nasema haya kwa sababu ya bwawa moja nililolizunguka kwa baiskeli huko Singapore. Bwawa hilo laitwa Bedok, nalo liko upande wa mashariki wa kisiwa, katikati ya mitaa ya watu. Ukitoka nyumbani kwako ghorofani, ukavuka barabara, umekwisha fika majini. Tangu mwaka 2017 hata treni ya chini ya ardhi inacho kituo hapo karibu. Njia ya kulizunguka ni kilomita 4.3, nayo ni tambarare kiasi ambacho hata mzee aliyeiacha baiskeli miaka mingi hataona taabu. Mwenda pole humaliza mzunguko kwa nusu saa, na pumzi zake anazo.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba njia hiyo ni ya wanariadha. Niliokutana nao ni watu wa kawaida: baba amempakia mwanawe, wazee wakitembea huku wakizungumza, kina mama wa Kimalei na mitandio yao. Majini vijana walikuwa wakipiga makasia. Desturi ni moja: mwenye baiskeli humpisha mwenda kwa miguu, naye hupiga kengele kabla ya kumpita. Mwenye nguvu zaidi aweza kuendelea mbele, kwani bwawa hilo limo katika mzunguko mkubwa wa kilomita 42 unaoiunganisha Bedok na bustani za ufukweni mpaka Changi na Pasir Ris.

Lakini uzuri wa mahali pale si miti wala upepo peke yake. Bwawa lile zamani lilikuwa machimbo ya mchanga. Lilipokamilika mwaka 1986 likawa hodhi ya kupokea mvua inayonyesha juu ya mitaa ya jirani. Maji ya mvua hukusanywa katika mifereji, yakaingizwa bwawani, kisha yakasafishwa na kunywewa. Anayetupa uchafu mtaroni anautupa katika bilauri yake mwenyewe, na akilizunguka bwawa Jumamosi aweza kuuona ukielea. Hapo ndipo baiskeli inapokuwa daftari la mali.

Watu wa Singapore hawakuzaliwa na busara hiyo. Shida ndiyo iliyowafunza. Mwaka 1963 ukame uliwafanya wapewe maji kwa zamu kwa miezi kadhaa, na tangu zamani sehemu kubwa ya maji yao imetoka Johor, ng'ambo ya mlangobahari. Kwa hivyo wakaazimia kuikamata mvua yao wenyewe. Leo wanayo mabwawa 17, na thuluthi mbili za nchi yao hukusanya mvua kwa ajili ya kunywa.

Jambo hilo si geni kwetu hata kidogo. Katika visiwa vya Lamu wazee wetu walijenga majabia: sakafu pana iliyoinamishwa ili mvua iteremke mpaka shimoni, ikawekwa akiba ya kiangazi. Jabia lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na mtoto akilichezea alikemewa na yeyote aliyemwona. Dini yetu nayo imekataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kando ya mto unaopita. Bedok ni jabia kubwa la mji, lililoongezewa njia ya baiskeli.

Najua wako watakaopinga. Watasema: wafungulieni watu njia ya kufika bwawani, kesho watalijaza makopo na mifuko. Hoja hiyo haina budi kusikizwa. Jawabu la Bedok ni sheria na macho. Kuogelea ni marufuku, kuvua samaki kuna mahali pake maalumu, na mkosaji hutozwa faini. Lakini sheria peke yake haikeshi. Mamia ya watu wanaopita pale alfajiri na jioni ndio walinzi, nao hawadai mshahara. Ua uliofungwa kufuli humzuia mtoto mwenye baiskeli. Mchafuzi hufanya kazi yake mtaroni, mbali na ua, wala kufuli halimwoni.

Basi naomba mambo mawili. La kwanza, Bwawa la Mwache lililopangiwa Kwale ili kuinywesha Mombasa pamoja na Kwale lisije likawa jina la magazetini tu. Nchi ya kule ina vilima, na pengine mzunguko mzima hautawezekana. Hata hivyo itengwe sehemu ya ukingo wake, hata kilomita chache, ambapo mtu na watoto wake wataweza kupita kwa baiskeli wakayaona maji yao. Na wenyeji walioyatoa mashamba yao wawe wa kwanza kuyanywa maji hayo na kupata riziki ya kukodisha baiskeli na kuuza madafu.

La pili halingoji serikali. Mapaa ya misikiti na madrasa zetu ni mapana, na masika hutujia kila mwaka. Birika moja penye kila paa, mahali watoto wanapopita na kuona maji yamepanda au yameshuka, ni mwanzo mwema. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto aliyezoea kuitazama akiba ya maji ataliuliza baraza la mji maswali ambayo sisi hatukuyauliza.