Tumbawe Linapougua Nyumbani: Uchunguzi Kabla ya Dawa

Watu wengi wa nchi za bara hulijua tumbawe kama jiwe la kujengea. Ndilo lililojenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, na ndilo lililojenga nyumba za kale za Lamu na Mogadishu. Lakini jiwe hilo ni mabaki tu. Tumbawe lililo hai ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja akiwa na mdomo wake na minyiri yake, wakaao juu ya kiunzi cha chokaa wanachokijenga wenyewe.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta katika Indonesia, alieleza kwa maandishi jinsi alivyotunza viumbe vya bahari katika tangi la kioo kwa kutumia mawe yenye uhai na hewa ya pampu. Tangu hapo ufugaji wa matumbawe umeingia katika nyumba nyingi za Ulaya, Marekani na Japani, hata katika miji iliyo mbali kabisa na bahari. Anayefanya kazi hiyo amepokea dhamana. Matumbawe magumu, yale yajengayo miamba, yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, na hayavushwi mpaka bila hati. Si pambo la kutupwa likichakaa.

Shida ni kwamba tumbawe halikohoi wala halilii. Mwenye tangi huamka siku moja akaliona limebadilika rangi, naye kwa hofu humimina dawa, hubadilisha taa na kumwaga nusu ya maji, yote kwa siku moja. Likifa, hajui kama limeuawa na ugonjwa au na tiba. Askari mpelelezi hakamati mtu kabla ya kukagua mahali pa tukio, na mfugaji naye yampasa afuate utaratibu huo huo.

LIMEPAUKA AU LINAKUFA?

Hili ndilo swali la kwanza. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vimea hivyo hutumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wao. Rangi ya tumbawe nayo hutokana kwa kiasi kikubwa na vimea hivyo. Joto likizidi, au mwanga ukiongezwa ghafla, tumbawe huvitoa nje na kubaki jeupe. Hali hiyo huitwa kupauka. Ndiyo iliyoyapata matumbawe ya Kenya, Tanzania, Shelisheli na Maldivi mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, na mengi yakafa.

Hata hivyo, tumbawe lililopauka bado li hai. Akitumia kioo cha kukuzia, mfugaji ataiona nyama ingalipo, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kiunzi cheupe kikionekana kupitia kwake. Pengine usiku minyiri hutoka kutafuta chakula. Likipunguziwa mwanga, likapewa joto la kadiri na kulishwa vyakula vidogo vidogo, laweza kupona baada ya wiki au miezi. Lakini nyama ikimenyuka na kiunzi kubaki uchi, kisha mwani ukaota juu yake, sehemu hiyo imekwisha kufa na hairudi. Tumbawe lililogeuka kahawia kwa kawaida halimo hatarini: vimea vyake vimezidi kwa sababu ya mwanga hafifu au maji yenye rutuba nyingi.

JERAHA LIMEANZIA WAPI?

Mahali pa jeraha hutoa ushahidi. Weupe ulio upande wa juu, unaoelekea taa, mara nyingi huonyesha kuwa mwanga umezidi. Nyama inayoisha kutoka shinani na kupanda polepole huelekeza shaka kwenye maji yasiyotulia. Ncha za matawi zikiungua, huenda vipimo vya maji vimepandishwa kwa haraka. Jeraha la upande mmoja tu, unaomtazama jirani, huashiria vita: matumbawe mengine, kama Galaxea na Euphyllia, hunyoosha minyiri mirefu wakati wa usiku na kumchoma aliye karibu. Dawa ya vita hivyo ni kuwatenganisha. Madoa madogo ya mviringo juu ya Acropora ni alama ya minyoo bapa, ambayo hufanana rangi na tumbawe hata isionekane kwa urahisi. Mayai yake hupatikana kwenye kiunzi kilicho uchi karibu na shina. Kuoshwa kwa dawa huwaondoa minyoo lakini hakuyaui mayai, kwa hiyo mayai yakwanguliwe, na kuosha kurudiwe kila baada ya siku kadhaa.

MAJI KWANZA

Kabla ya kumshuku yeyote, maji yapimwe. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Chumvi iwe gramu 35 hivi katika kila kilo ya maji, na kipimo cha uzito kisome karibu 1.025. Uwezo wa maji kuhimili tindikali uwe digrii 7 hadi 10 kwa kipimo cha Kijerumani, na kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Amonia isionekane kabisa.

Maji ya tangi yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki. Kwa hiyo pengo hilo hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, si kwa maji ya chumvi. Maji ya bomba yasitumiwe hivi hivi, kwa maana yaweza kuwa na klorini au shaba, na shaba, hata ile iliyomo katika dawa za samaki, ni sumu kwa matumbawe. Umeme nao ukikatika, mkondo husimama na hewa hupungua majini. Pampu ndogo ya betri ni akiba ya lazima.

Kosa likionekana, lisahihishwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na jambo moja kwa wakati mmoja. Kipimo kizuri kilichofikiwa kwa ghafla chaweza kuleta madhara kuliko kipimo kibaya kidogo kilichotulia.

PASIPOTAKA SUBIRA

Yako mambo mawili yasiyongoja. La kwanza ni nyama kumenyuka saa kwa saa. La pili ni ute wa kahawia, kama uji mzito wenye harufu mbaya, unaolifunika tumbawe. Hapo mgonjwa atengwe mara moja. Ute ufyonzwe kwa bomba la sindano bila kusambazwa tangini, sehemu iliyooza ikatwe, na matawi mazima yaliyo mbali na jeraha yahifadhiwe peke yake. Kwa njia hiyo mbegu huokolewa hata kama mti umeanguka.

HATARI KWA JAMAA

Mtibabu wa matumbawe akumbuke pia watu wa nyumbani mwake. Ndugu laini wa matumbawe walio kama vifungo vya shati, wa jamii ya Palythoa na Zoanthus, baadhi yao wana palitoksini, sumu kali mno. Mawe yenye viumbe hao yasichemshwe kamwe, wala yasisuguliwe kwa maji ya moto, kwa maana mvuke huibeba sumu hadi mapafuni. Watu wa nyumba nzima wamewahi kulazwa hospitali huko Ulaya kwa kosa hilo. Anayeyakata avae glavu na miwani ya kukinga macho, na watoto wakae mbali.

DAFTARI LA MATUKIO

Kila kituo cha polisi kina daftari la matukio, na kila tangi lastahili kuwa na lake. Ndani yake huandikwa tarehe, joto, chumvi, taa iliyobadilishwa, kiumbe kipya kilichotiwa, na saa ambayo umeme ulikatika. Tumbawe linapougua leo, mara nyingi chanzo kilitokea wiki mbili au tatu nyuma, na kumbukumbu ya kichwani huwa imekwisha kusahau. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye tangi, ufa huonekana kwanza katika kurasa za daftari hilo, wakati ambapo tumbawe lingali na rangi yake.